Triumph 650: hakikisha oili kabla ya kuwasha injini

Pikipiki ya Triumph Bonneville ya miaka ya 1960 hubeba oili yake kwenye tangi la pembeni, si chini ya injini. Ndiyo maana injini iliyofumuliwa na kuundwa upya huwa na mabomba yenye hewa tupu. Toa plagi kwanza. Jaza tangi, mimina kama mililita 150 kwenye krenkikesi (kasha la chini la injini), lowesha valvu na kamu (mhimili unaozifungua valvu), kisha piga kiki taratibu ukichungulia mdomo wa tangi.

Oili ikirudi tangini, usishangilie bado! Huenda ni ileile uliyomimina kwenye krenkikesi. Legeza valvu ya presha ya oili, mbele ya kifuniko cha kulia cha injini, kisha piga kiki tena. Oili ikichuruzika hapo, pampu inasukuma kweli. Sili ya ncha ya krenki ndani ya kifuniko hicho nayo iwe mpya: ikichanika, presha hupotea kabla ya kufika kwenye konrodi (mikono ya pistoni), na beringi huungua.

Nafasi ya tapeti (pengo kwenye ncha ya valvu), injini ikiwa baridi: valvu ya kuingiza 0.05 mm, ya kutolea 0.10 mm. Pengo la pointi za kuwashia cheche: 0.38 mm.

Ikiwaka, ishike karibu mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikizunguka polepole mno, kamu mpya hupata oili haba na kukwaruzika. Weka feni mbele ya injini ili kuipoza.