Nilivyoilainisha roki kwa wageni wa Malindi

Wageni wa hoteli zetu wamezeeka pamoja na nyimbo zao. Huyu mwenye mvi na kitambi anayekuja kuota jua Malindi ndiye kijana aliyefuga nywele hadi mabegani enzi za bendi za roki kama Deep Purple na Led Zeppelin. Ukimwimbia Malaika atasikiliza, Jambo Bwana atapiga makofi, kisha atasogea jukwaani aulize kama tunajua roki. Meneja alipochoka kuulizwa akanikabidhi kazi: roki ipigwe, tena saa ya chakula cha jioni, na mtu aweze kuzungumza na mkewe bila kupayuka.

Wapo waliotangulia. Mwimbaji wa Marekani Pat Boone alitoa albamu ya nyimbo za metali, yaani roki nzito, alizozilainisha, mwaka 1997, na Paul Anka wa Kanada akatoa Rock Swings mwaka 2005, nyimbo za bendi za roki kama Nirvana na Van Halen zikipigwa na bendi kubwa ya matarumbeta. Nilimpenda zaidi Anka kwa sababu anaimba kama mtu anayeyaamini maneno, hafanyi mzaha. Ila matarumbeta yale yote mimi nitayatoa wapi? Tulicho nacho Pwani ni bango, muziki wa Mzee Joseph Ngala wa Mombasa: saksafoni mbele, mdundo usio na haraka, watu wazima wanacheza na nguo zao za harusi bila kutoka jasho. Nikaona roki iingie humo humo.

Tulianza na Smoke on the Water. Watu wengi wanaujua mlio wa gita tu, hawajui kwamba wimbo huo wa 1972 unasimulia tukio la kweli. Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi kwenye kasino ya pale. Desemba 1971 Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu akafyatua fataki hadi darini, kasino ikateketea, moshi ukatanda juu ya ziwa. Kisa kizuri hivyo, na kwenye kelele hakisikiki! Ukipunguza mwendo, mgeni anakifuata hatua kwa hatua huku anakula samaki wake.

Mlio wenyewe una noti nne tu, gita likizipiga kwa nyuzi mbili mbili. Haimo ile sauti ya katikati inayoamua wimbo uwe wa huzuni au wa furaha, na ndiyo maana unasikika mkavu na mkali. Mpiga kinanda wetu, ambaye sote tunamwita Ami kwa umri wake, akaijaza sauti hiyo kwa mkono wa kulia, polepole, akaongeza sauti ya saba ya ngazi juu yake.

"Sasa ina nyama," akasema.

Mlio nikampa saksafoni, aupulize kwa chini. Mpiga drams, kijana wa Kigiriama, nikamwomba aweke vijiti ashike kayamba, hakuhitaji mazoezi. Mimi nikashusha ufunguo, wimbo uimbwe kwa sauti ya chini. Waimbaji wa roki hupanda juu kwa kuwa wanashindana na magita. Mimi nashindana na vijiko.

Aliyenuna ni mpiga gita. Kijana wa Lamu, roki ameikulia.

"Kaka, umeigeuza uji hii."

Sikubishana naye. Tukakubaliana kwamba baada ya ubeti wa mwisho apewe nafasi yake peke yake, spika ikiwa chini, akwaruze atakavyo. Akifanya hivyo wageni hupiga makofi kuliko wanavyonipigia mimi, jambo ambalo halinifurahishi sana.

Si kila wimbo unakubali. We Will Rock You ya Queen tuliijaribu tukaiacha: uhai wake wote umo kwenye miguu na makofi, ukiyatoa unabaki na mtu anafoka peke yake. Eye of the Tiger iliingia vizuri, maana ina sauti ya kuimbika chini ya ile milio ya gita inayogonga kama ngumi.

Usiku wa kwanza, mzee mmoja wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha kurushia roketi kule Ngomeni aliacha uma hewani tulipofika mstari wa pili. Akamgusa mkewe, wakacheka hadi machozi. Mimi sikucheka, ukicheka wewe, wimbo umekwisha. Kibwagizo kilipofika wakasimama kucheza, wakafuatwa na meza ya jirani. Mkewe alipopita kutuaga akaniuliza kama huo ni wimbo wa harusi wa hapa uliotiwa maneno ya Kiingereza.

Sasa meneja anataka Nirvana kabla ya msimu wa Desemba. Ami, anayeniitikia kwenye vibwagizo, analalamika kwamba maneno hayashiki hata akisikiliza rekodi yenyewe, kwa hiyo nimemwandikia kwa kalamu nene nikambandikia juu ya kinanda. Mpiga gita ameshaanza kuulizia nafasi yake itakuwa wapi.