Nilivyokikagua kiwanja cha watoto cha mtaa wetu

Watu wakisema kiwanja cha watoto kimechakaa, mara nyingi wanazungumzia kutu na rangi iliyobanduka. Mimi nilianza na ardhi. Ajali nyingi za viwanjani ni za kuanguka, na mtoto akianguka, kuumia kwake kunategemea sana anatua juu ya nini. Hapa kwetu Tanga alikuwa anatua juu ya udongo uliokanyagwa mpaka ukashupaa, na kwenye mguu mmoja wa mtelezo zege la nguzo lilikuwa limechomoza na ncha ya nondo juu yake.

Nilichukua futi nikaanza kupima. Mchanga laini unatakiwa uwe na kina cha sentimita 30 hivi, na uenee karibu mita 1.8 kila upande wa chombo cha kuchezea. Bembea inataka nafasi zaidi: mbele na nyuma, mara mbili ya kimo cha boriti inayoning'iniza minyororo. Yetu ina mita 2.2, kwa hiyo ni mita 4.4 kila upande. Ukingo wa mtaro ulikuwa ndani kabisa ya eneo hilo.

Kilichonitisha kuliko vyote ni kizuizi cha juu ya mtelezo. Nilikata maduara mawili ya boksi, moja la kipenyo cha sentimita 9, jingine 23. Nafasi inayopitisha duara dogo na kulizuia kubwa ni mtego. Mtoto hutanguliza miguu, kiwiliwili kinapita, kichwa kinakwama, naye anabaki ananing'inia kwa shingo. Vyuma vyetu vilipishana sentimita 15. Mtu mzima akivitazama anaona kizuizi imara, wala hashtuki.

Halafu nikachukua kipande cha kanga, nikakiburuta taratibu pale mtoto anapokaa kabla hajateleza. Kikanasa kwenye bolti iliyotokeza. Wasichana wetu wengi wanacheza na mitandio, na mtandio ukinasa pale huku mwili unashuka, kinachokabwa ni shingo. Tangu siku hiyo napitisha kanga kila kiwanja ninachompeleka mwanangu. Kulabu za minyororo nazijaribu kwa kadi ya benki: ikipenya kwenye mwanya, kulabu imeachia, ibanwe. Bati la mtelezo naligusa saa saba mchana, si asubuhi, maana jua la mchana huligeuza kuwa la kuunguza mapaja.

Nilipiga picha kila kitu futi ikionekana, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Rangi tutapaka, usijali."

"Mzee, rangi isubiri. Naomba uitazame hii nondo kwanza."

Aliitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza mchanga ni bei gani. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wazazi tulichanga hela ya mchanga, fundi wa kuchomelea akaikata nondo na kuongeza chuma katikati ya kila nafasi ya kizuizi, zege likafukiwa, bolti ikafupishwa na kufunikwa. Bembea tumeihamishia mbali na mtaro. Kiti chake cha mbao nzito, ambacho kikimgonga mtoto kichwani ni balaa, tumekifungua, na minyororo tumeifunga juu mpaka kipatikane cha mpira. Mchanga unasombwa na miguu, hivyo kila Jumamosi kuna mzazi wa zamu anayeurudisha kwa reki chini ya mtelezo.