Ratiba Yangu Inafuata Mwezi

Siku ya kujiandikisha kurudi masomoni mwalimu aliniuliza, "Mama Kulwa, wewe nafasi unapata lini?" Nikamwambia inategemea mwezi. Akadhani nasema Januari, Februari. Ikabidi nimweleze: nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa inakosa nguvu, wavuvi wanapumzika na mimi sina cha kuanika. Siku hizo ndizo zangu.

Akashusha kalenda ukutani, tukazungushia duara pamoja. Mpaka leo ndivyo ninavyosoma. Mbalamwezi niko darasani kila siku. Giza nabaki nyumbani na moduli, vile vitabu vya kujisomea, Jumamosi napeleka daftari likasahihishwe.

Kituo ni cha serikali, sekondari kwa njia mbadala, wengi wanaita QT tu. Tuko kumi na tisa kwenye chumba cha kuazima, na madawati ni ya watoto, magoti hayaingii. Kila mtu na ukurasa wake. Kaka mmoja wa bodaboda wa Igoma ametuacha mbali kwenye Hisabati, ila Kiingereza kikianza anakumbuka ana abiria. Ukifaulu hiyo QT, yaani mtihani wa maarifa wa NECTA, baraza la mitihani, unaruhusiwa kwenda kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Shule niliiacha kidato cha kwanza, tumbo lilipoonekana. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana kama mimi tunaweza kurudi shule za kawaida, pacha wangu walikuwa na miaka mitatu. Kurudi ningerudi, lakini kodi ya chumba angelipa nani?

Basi Hisabati. Mwalimu alikuja kwenye dawati langu akaandika: madebe mawili na 3,000 ya mbebaji, jumla 43,000. Debe moja bei gani? Nikajibu kabla hajainua kalamu: 20,000. Tena nikamuuliza debe la bei hiyo kaliona wapi, anipeleke. Akacheka, akafuta neno debe, akaweka x. Nikajiona msomi. Kesho yake akaleta x isiyo na debe wala mbebaji, nikakodoa macho kama sangara kwenye barafu. Hakunihamisha ukurasa. Wiki nzima nilikuwa kwenye ule ule, wenzangu wanafungua za mbele, na kusema kweli niliona aibu. Siku ya sita nilipata maswali saba kati ya kumi, ndipo akanigeuzia ukurasa mwenyewe.

Mtihani ni Novemba. Nimeshahesabu kwenye kalenda: siku ya Hisabati inaangukia giza, tena giza lenyewe, dagaa watakuwa wa kumwaga. Wifi amekubali kuanika na kuwafukuza kunguru. Anataka ndoo mbili. Nimempa moja na nusu, bado tunabishana.