Kabla hujapaka krimu, jua mmea uliokugusa

Anayenunua kiwanja pembezoni mwa Dodoma, iwe Iyumbu, Nala au upande wa Mtumba, mara nyingi hukuta ua wa zamani wa boma la ng'ombe: minyaa iliyoachwa mpaka ikawa miti. Kibarua anapewa panga na kuambiwa asafishe. Jioni jicho halifunguki, mikono imevimba, na mtoto anatumwa duka la dawa kuleta "dawa ya kuwashwa". Anarudi na tyubu ileile ambayo angepewa mwenye fangasi, aliyeumwa na siafu na aliyekula pweza asiyepatana naye.

Mimea ya huku inaumiza ngozi kwa njia tatu zisizofanana. Mnyaa unaunguza kwa utomvu. Upupu unachoma kwa vinyoya. Korosho na embe huamsha mzio, yaani mwili wenyewe unapigana na mafuta yaliyougusa. Dakika kumi za mwanzo zina kazi kubwa kuliko siku tano za krimu, na kinachofaa kufanywa katika dakika hizo hutegemea ni yupi kati ya hao watatu. Aliyeguswa na utomvu anatakiwa kukimbilia maji. Aliyemwagikiwa na upupu akikimbilia maji akajisugua, atajuta.

Nianze na mnyaa, maana ndio uliojaa Ugogoni kote, na ndio unaopofusha.

Vijiti vyake vya kijani, vya mviringo, visivyo na majani ya maana, ukivivunja hutoa maziwa meupe papo hapo. Maziwa hayo hayahitaji mwili wenye mzio. Yana kemikali zinazounguza ngozi ya mtu yeyote yule. Kinachowadanganya watu ni kwamba hayaumi mara moja. Unaweza kufyeka asubuhi nzima, ukanawa kidogo, ukala, kisha saa kadhaa baadaye ngozi ikaanza kuwa nyekundu, kuvimba na kutoa malengelenge, na kesho yake ikawa mbaya zaidi. Ndugu yake mkubwa, ule wenye mashina mazito yaliyosimama kama kinara, una tabia hiyohiyo.

Yakidondokea ngozini, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka yakiwa bado mabichi. Yakikauka huganda kama gundi, na maji matupu hayayatoi. Hapo paka losheni au mafuta ya kupaka yoyote, yaache dakika mbili yalainishe, futa kwa kitambaa utakachokitupa, kisha sabuni na maji. Rudia mpaka ngozi isinate. Usifute kwa ukosi wa shati, kwa sababu utajifuta jasho na ukosi huohuo. Na wanaume: nawa mikono kabla ya kwenda haja, si baada tu.

Jichoni ni habari nyingine. Utomvu wa mnyaa huchubua kioo cha jicho, na uoni unaweza kuzidi kuwa ukungu siku ya pili hata kama siku ya kwanza ilionekana nafuu. Mlaze mtu ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini ili maji machafu yasiingie la pili. Mfungue kope kwa vidole, mimina maji safi taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, huku akizungusha mboni huku na huku. Endelea dakika 20 kwa saa, si kwa makadirio. Ukimimina lita moja kwa dakika, hiyo ni ndoo ya lita 20 nzima, kwa hiyo chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu inayobebwa shambani haitoshi hata kuanza. Mnaokwenda kufyeka minyaa, dumu la lita 20 lililojaa liwepo kabla panga halijainuliwa. Katika mkoa ambao bomba hukauka, hili lazima lipangwe jana yake.

Baada ya kuosha, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua. Jijini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa. Kwa walioko kusini, Mvumi inajulikana kwa huduma za macho. Usitie maziwa ya mama, usitie asali, usitie matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine. Matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, yakiwekwa kwenye jicho lililochubuka bila daktari kulitazama yanaweza kuharibu kilichokuwa kinapona. Usilifunge jicho kwa kitambaa kikavu cha kukaza. Vaa miwani ya jua, inatosha.

Sasa upupu. Ni mtambazi wa jamii ya kunde wenye majani matatumatatu na maua ya zambarau iliyokolea yanayoning'inia. Tafuta kandokando ya makorongo na kwenye vichaka vya vilima. Unazaa mvua ikielekea kuisha, na maganda yake, yaliyopinda kidogo na kufunikwa manyoya ya rangi ya kahawia kama mahameli, hukauka kiangazi kinapoanza. Upepo wa Dodoma unamaliza kazi: huna haja ya kuugusa, inatosha kupita upande unakoelekea upepo wakati mtu anapoufyeka.

Kila unyoya ni mshale mdogo wenye kimeng'enya kinachogonga neva za muwasho moja kwa moja. Muwasho mwingi tunaoujua, wa kuumwa na mdudu kwa mfano, hupitia kemikali ya mwili iitwayo histamini, na vidonge kama piritoni huizuia hiyo. Muwasho wa upupu hauitegemei. Ndiyo maana mtu humeza piritoni, akasinzia, na bado akajikuna usingizini.

Kanuni ni kutoa vinyoya kabla ya kingine chochote, na kuvitoa vikavu. Simama upepo ukiwa mgongoni. Usijikune wala usijipanguse kwa kiganja: unavikata na kuvisukuma ndani, halafu kiganja nacho kinabeba. Vua shati kwa kulikunja nje ndani, ukiliweka mbali na uso; kama ni fulana ya kubana, bora kuikata kwa mkasi kuliko kuipitisha machoni. Kisha chukua selotepu pana, bandika juu ya ngozi, bana kidogo, vuta juu. Kipande kikishatumika kitupe, chukua kipya. Hakuna selotepu? Donge la unga wa ngano uliokandwa ukanata hufanya kazi hiyohiyo, ukiligonga juu ya ngozi bila kuburuta. Shambani kabisa, paka tope zito, liache likauke mpaka lipasuke, kisha libandue vipande vipande. Wazee waliotumia tope hawakukosea.

Baada ya hapo ndipo maji: yanayotiririka, sabuni, bila dodoki. Usikae ndani ya beseni, maana vinyoya vitaelea na kukurudia mahali palipokuwa salama. Vitambaa vya maji baridi vitatuliza kilichobaki, na kwa kawaida muwasho hupungua ndani ya saa chache. Nguo ziloweke peke yake kwenye maji ya moto sana, kwani joto huua nguvu ya kile kimeng'enya, na zikoroge kwa kijiti kabla ya kuzigusa. Wanafunzi wanaomwaga upupu kwenye viti vya wenzao wangefua wao zile nguo, mchezo ungeisha muhula uleule.

Mzio wa jamii ya mkorosho ni mgumu zaidi kuutambua, kwa kuwa unachelewa. Ukitafuta ushauri wa Marekani mtandaoni utaambiwa uogope mmea wenye majani matatu, uitwao poison ivy. Mmea huo huku haupo, na ukikimbia kila chenye majani matatu utaacha shamba la kunde. Lakini mafuta yake ni ndugu wa damu wa mafuta yaliyo ndani ya ganda la korosho, na ya utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe. Tangu mashamba makubwa ya korosho yaanze Manyoni, jambo hili si la Mtwara na Lindi peke yake tena.

Mara ya kwanza kuguswa, mtu anaweza asione kitu kwa wiki nzima au zaidi, au asione kabisa. Mwili unajifunza. Mara ya pili upele hutokea kati ya saa 12 na 48, ukiwa na mistari au mabaka yanayofuata mahali mafuta yalipopita, kisha malengelenge. Kwa kuwa siku mbili zimepita, lawama huenda kwa sabuni mpya au kwa samaki wa jana. Upele wenyewe hudumu wiki mbili hadi tatu. Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu wala hayasambazi upele. Mabaka mapya yakitokea siku ya nne, ama ngozi ya hapo ilipata mafuta kidogo ikachelewa, ama unaendelea kushika panga, viatu au simu yenye mafuta yaleyale. Osha mpini kwa sabuni, na simu uifute.

Anayebangua korosho mbichi kwa mkono avae glavu za mpira, au apake mafuta ya kupikia na kuchovya vidole kwenye majivu kila baada ya muda. Anayechoma aweke moto nje, akae upepo ukiwa mgongoni, na asitumie maganda kama kuni za jikoni. Mafuta ya ganda hurukaruka na kuwaka, na moshi wake huwasha macho na kifua. Kwa embe, kata kikonyo ukiwa umeligeuza chini, liache lichuruzike, lioshe kisha ndipo ulimenye. Mtoto anayevimba midomo kila msimu wa maembe apewe lililomenywa na kukatwa na mtu mwingine. Mara nyingi tatizo liko kwenye ganda.

Mimea mingine niitaje kwa haraka. Mkonge una miiba na maji yanayowasha, nawa sabuni. Vimiiba vya dungusi vitoe vikubwa kwa kibano, vidogo kwa selotepu, na kama mwiba wowote umezama, ulizia chanjo ya pepopunda. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo, limekwisha kuwa kero Arusha. Likionekana kwako, ling'oe kwa glavu kabla halijatoa maua.

Sasa turudi kwenye ile tyubu. Mmea ukishaondolewa ngozini na upele umebaki, kwa mtu mzima mwenye eneo dogo: kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku, kalamaini ikaushe pale panapotoa maji, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, utando mwembamba mara mbili kwa siku, isizidi siku saba, na isipakwe kwenye kope wala kwenye ngozi iliyopasuka. Muwasho wa mzio ukikunyima usingizi, piritoni ya miligramu 4 usiku husaidia kwa kuwa inalaza. Mchana ni hatari kwa dereva wa bodaboda. Setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku hailazi sana kama piritoni. Mtoto na mjamzito wamwone mfamasia au daktari kwanza.

Zile tyubu zenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali ndizo zinazouzwa sana, na mimi siziungi mkono kwa kazi hii. Fangasi hayupo, bakteria hayupo, na steroidi kali kama klobetasoli usoni hupunguza unene wa ngozi, ndiyo hiyohiyo inayotumiwa vibaya kujichubua. Mafuta ya taa, dawa ya meno na maji ya betri, hapana. Ndimu ndiyo mbaya kuliko zote kwa jua letu: maji yake yakipigwa na jua ngozini huunguza yenyewe, siku moja au mbili baadaye, na kuacha doa jeusi la miezi.

Hospitali bila kusubiri: uso au koo kuvimba, kupumua kwa shida, jicho lolote, sehemu za siri, malengelenge yaliyoenea mwili, usaha au homa. Kwa mzio mkali wa korosho daktari anaweza kuandika vidonge vya prednisoloni vinavyopunguzwa taratibu kwa wiki mbili hadi tatu. Ukiacha siku ya tano kwa sababu umepona, upele hurudi, na watu husema dawa ilikuwa feki.

Kuhusu ule ua wa minyaa: miwani ya kazi inayofunika pembeni, glavu ndefu za mpira (za kitambaa hunyonya utomvu na kuushikiza ngozini), shati la mikono mirefu, buti. Msumeno ni bora kuliko panga, maana panga hurusha matone usawa wa uso. Anza na matawi ya juu, shuka, usikate kilicho juu ya kichwa chako, na watoto na mbuzi wakae mbali. Usichome mabichi. Yalundike juu ya mawe au zege yakauke kabisa, kwani vipande vibichi vikilala juu ya udongo, mvua za Desemba zitavikuta na utakuwa na ua mpya, mrefu kuliko ule uliolipa ukatwe.