Miwani Ndani ya Kitabu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimesoma hadithi fupi ya zamani ya Mmarekani Washington Irving, aliyoitoa mwaka 1824, iitwayo "The Devil and Tom Walker". Hadithi za kuuza roho tunazo nyingi hata kwetu, na karibu zote zina majini ya utajiri na chumba kisichofunguliwa. Hii haina hayo. Shetani wa Irving ni mtu wa biashara, anaongea masharti kama dalali.

Tom Walker anaishi nje kidogo ya Boston, mwaka 1727 hivi. Ni bahili, na mkewe ni bahili vilevile. Kuku akitetea tu, mama huyo ameshafika kulificha yai mumewe asilione. Siku moja Tom anakatiza kinamasini na kukuta mtu mwenye uso uliojaa masizi, kashika shoka: huyo ndiye Shetani. Miti ya pale imechanjwa majina ya wakubwa wa mji. Mmoja una jina la shemasi: kwa nje umenawiri, ndani umeoza. Yule mtu anamwonyesha kwamba zipo fedha zilizofukiwa na haramia Kidd, na kwamba anaweza kuzipata kwa masharti.

Sharti mojawapo ni kwamba fedha hizo zitumike katika kazi ya Shetani. Anapendekeza Tom anunue meli ya kusafirisha watumwa. Tom anakataa katakata. Ubaya wake wote, hapo hafiki. Nami niliposoma nilimsifu kidogo. Lakini angalieni kwamba Shetani habishani naye. Anasema, basi, uwe mkopeshaji wa riba. Tom anaruka kwa furaha, hiyo ndiyo kazi aliyoitamani siku zote. Shetani anataja asilimia mbili kwa mwezi. Tom anajibu kwamba atatoza nne.

Niliirudia sehemu hiyo mara tatu. Aliyetaja kiwango cha chini ni Shetani. Na dhambi ile kubwa aliyoikataa ndiyo ilimfanya Tom ajione msafi alipoipokea hii nyingine.

Anafungua ofisi Boston, anatajirika. Anajenga jumba kubwa na kuiacha sehemu yake kubwa bila fanicha kwa ubahili. Uzee ukibisha hodi anaanza kuogopa lile patano, basi anakuwa mtu wa kanisa kupita wote. Irving ana mzaha mkali hapa: ukitaka kujua Tom ametenda dhambi kiasi gani wiki hiyo, sikiliza Jumapili anaomba kwa sauti kubwa kiasi gani. (Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi mwenyewe sauti ninayo.) Mfukoni mwa koti anatembea na Biblia ndogo. Mezani ofisini anayo kubwa, na wateja humkuta akiisoma. Mteja akiingia, Tom huvua miwani yake ya kijani, huiweka ndani ya Kitabu ili asipoteze mstari, kisha humgeukia mtu kupatana naye riba.

Kwa hiyo si kwamba hakusoma. Alisoma, na alijua alipoishia. Ila miwani ilibaki na Kitabu, na yule mtu aliyekaa mbele yake akatazamwa kwa macho mengine.

Mwisho wake unakuja alasiri moja ya joto, mawingu ya radi yakikusanyika. Mdaiwa ambaye Tom mwenyewe alikuwa akimwita rafiki anaomba miezi michache tu, familia yake isije ikaangamia. Tom anakataa. Mdaiwa anamkumbusha kwamba amepata fedha nyingi kutoka kwake. Tom anaghadhibika: Shetani anichukue kama nimepata hata senti! Mlango unabishwa mara tatu. Nje kuna farasi mweusi. Biblia ndogo imo ndani ya koti, na koti hakulivaa. Biblia kubwa ipo mezani, lakini imefunikwa na hati ya rehani aliyokuwa anajiandaa kuitekeleza.

Irving hasemi Kitabu kile kilikuwa kimefunguliwa wapi. Mimi hukifikiria kimefunguka Kutoka 22, kuanzia mstari wa 25. Pale Bwana anasema ukimkopesha maskini wa watu wangu usimwandikie faida, na ukitwaa vazi lake rehani umrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu hana lingine la kujifunika. Mungu anauliza, atalala na nini? Ni swali la mtu anayemfikiria mdaiwa usiku, akiwa kitandani mwake, wakati mkopeshaji anafikiria daftari.

Sasa niwaambie kwa nini hadithi hii imeniganda. Tunawasema sana wenye mikopo ya kausha damu, na ni haki wasemwe. Lakini mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama na akina baba wa jumuiya, na tunatoza asilimia tano kwa mwezi. Najua utetezi wetu, nami nauamini kwa sehemu: faida hairudi kwa tajiri mmoja, mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe. Hata hivyo tano ni zaidi ya nne, na nne ni zaidi ya ile aliyoiomba Shetani.

Jumamosi iliyopita tulifungua kwa sala na neno. Kisha dada mmoja, ambaye mtoto wake ametoka hospitali, akaomba asogezewe marejesho mwezi mmoja bila faini. Meza yetu ni ndogo, ina sanduku lenye kufuli tatu na nafasi kidogo sana. Nikafungua daftari la mikopo nitazame deni lake. Nikaliweka juu ya Biblia.

Wakati ulikuwa umeenda, tukaahirisha. Jumamosi hii jina lake litasomwa tena, na msomaji ni mimi.