Mstari kwa kila kituo, Tanga hadi Lushoto

Mimi hufuma vitambaa vya makochi, vya kuuza na vya nyumbani kwangu, na sindano ya kroshia haikosi kwenye mkoba. Tulipopanda basi kwenda Lushoto kwa bibi yake, nilimwambia binti yangu, ana miaka minane: leo rangi unachagua wewe, mimi kazi yangu kufuma. Sharti lilikuwa moja tu, rangi itoke dirishani. Simu ibaki mkobani.

Nilitegemea aanze na bluu ya bahari. Wapi! Bahari ameizoea. Akavuta kahawia, akanionyesha mabati yenye kutu ya nyumba za kutokea mjini. Nikafuma kahawia.

Muheza akataka kijani, kwa ajili ya machungwa. Shuleni chungwa hulipaka rangi kama lile la kwenye chati ya ukutani, lakini kwenye karai la muuzaji yote yalikuwa ya kijani, na tuliyomenyewa yalikuwa matamu kwelikweli. Huku kwetu usiku haupoi kiasi cha kulifanya ganda lipoteze ukijani wake, kwa hiyo chungwa huiva ndani na nje likabaki vilevile. Nilimweleza hayo, akanijibu kwamba anajua, nifume.

Mkonge ndio uliotutesa. Mashamba yale, ambayo mbegu yake ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mimi nimeyapita tangu utotoni na ukiniuliza rangi yake ningesema kijani, basi. Binti yangu aliweka uzi wa kijani kwenye kioo, akatikisa kichwa. Akaweka wa kijivu, akatikisa tena. "Mama, changanya." Rangi ya maji unaweza kuichanganya kwenye kisahani, uzi hauchanganyiki. Ila unaweza kushika nyuzi mbili kwa pamoja, ukazivuta na sindano kama uzi mmoja. Nikashika kijani na kijivu. Kila tundu likatoka tofauti kidogo, hapa kijani kimejitokeza, pale kijivu kimekifunika, na ukikisogeza kitambaa mbali na macho unaona mkonge wenyewe. Huo mstari sikuubuni mimi, na nimeshaanza kuutumia kwenye oda za watu.

Tulipopita karibu na korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, singa, nyuzi za mkonge, zilikuwa zimeanikwa juani safu kwa safu. Akachagua nyeupe. Nikafuma nyeupe.

Mombo joto, maji ya kunywa, usingizi. Hakuna mstari wa Mombo.

Kutoka hapo barabara inapanda milimani, kilomita kama 33 za kona hadi Lushoto, na kwenye kingo zilizokatwa udongo ni mwekundu, maana una chuma kingi. Binti aliamka Soni akadai nyekundu ikae karibu na nyeupe. Mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani, naye mfumaji kwa anavyosema, akaingilia: "Mwanangu, nyekundu juu ya nyeupe itachafua kazi ya mama, weka hudhurungi katikati." Ushauri wa maana, maana uzi mwekundu wa bei rahisi huchuja ukifuliwa. Lakini hudhurungi haikuwepo dirishani. Sharti ni sharti, nikafuma nyekundu.

Karibu na Lushoto ukungu ulishuka barabarani. Mimi nikashika tena nyeupe, akanizuia: huu ni kama maji ya kuoshea mchele. Nikatazama nje upya. Kweli. Tukatumia kijivu kile chepesi.

Bibi yake alikipokea kitambaa akakigeuza nyuma kwanza, kama afanyavyo kila mfumaji anayekagua kazi ya mwenzake. Alisifu mkonge. Alipofika kwenye singa akasimamisha kidole: "Hii siyo. Singa ikikauka vizuri ina umanjano kidogo, nyeupe hivi ni ya shuka la hospitali." Mjukuu akakubaliana naye papo hapo, na sasa wote wawili wanataka nifumue mpaka hapo, maana yake na wekundu wote na ukungu urudiwe.

Kwa hiyo natafuta uzi wa pamba mwembamba, rangi ya krimu iliyoelemea manjano. Maduka ninayonunua Tanga mjini yana nyeupe ya kung'aa tu. Mwenye kujua duka aniandikie, na kama anauza kwa bonge mojamoja itakuwa nafuu zaidi.