Siku mbili Lyon na mama: cherehani, viazi na geti la kiwanda

Mama alishona kiwandani miaka 22. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililogeuza safari nzima. Mimi nilidhani nampeleka kuona sinema ilikoanzia, kumbe yeye ndiye aliyenionyesha.

Alikuja kunitembelea Paris, na katikati ya ziara yake nikapata siku mbili za mapumziko. Nikamwambia twende Lyon. Akauliza kuna nini huko. Nikasema kuna nyumba ya ndugu wawili, akina Lumière, waliotengeneza mashine ya sinema, na kuna jumba lingine lenye vitu vilivyotumika kwenye filamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, mradi pawe na mahali pa kukaa."

Treni kutoka Gare de Lyon, kituo cha Paris, hadi Part-Dieu, kituo cha Lyon, ni kama saa mbili. Tukaacha mizigo, tukashuka kwenye metro, na kwenye njia D mama akagundua kuwa treni haina dereva. Akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, kwenye kioo, akawa anatazama reli zinavyokuja kutoka gizani. Kwa siku mbili hizo kila tulipopanda njia D alikwenda kukaa pale pale, na kama kiti kilikuwa na mtu alisimama nyuma yake akisubiri.

Siku ya kwanza tuliitumia Vieux Lyon, mji wa kale. Pale rue Saint-Jean, ndani ya jengo la karne ya 16, kuna Musée Miniature et Cinéma. Ngazi ni nyingi, goti la mama halikuzipenda, lakini hakutaka kurudi chini. Kuna seti za filamu ya Perfume ya mwaka 2006, zilizojengwa upya kwa mbao zake na chupa zake, unapita ndani kama unapita nyumba ya mtu aliyetoka sasa hivi. Kuna barakoa za mpira, mikono ya bandia, vichwa vya wanyama wa kutisha ambavyo ndani vina nyaya na vyuma vya kuchezesha macho. Mimi nilikuwa natazama nyuso. Mama alikuwa anainama kwenye mavazi kutafuta mshono. "Huu wa mkono," ananiambia. "Huu wa mashine, ila wameuchakaza makusudi." Mbele ya vazi moja alisimama muda mrefu, kwa sababu kola ilikuwa imechanika na kushonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine, na akataka nikubali kuwa aliyefanya vile alikuwa fundi hasa: kushona kitu kionekane kimeshonwa vibaya, kwa usafi, ni kazi ngumu kuliko kushona vizuri. Nilikubali. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Vijumba vidogo ni kitu kingine cha kuona, vyumba vizima vilivyofinyangwa kwa ukubwa wa sanduku la viatu. Vinapendeza sana. Ila jioni, tulipopita kwenye ule ukuta mkubwa uliochorwa watu mashuhuri wa Lyon, nikamwonyesha ndugu Lumière wamesimama pale juu kwenye kibaraza cha rangi, nikaona mawazo yangu yamekwisha kwenda kwenye siku ya pili.

Monplaisir ni kitongoji tulivu upande wa mashariki. Unashuka kituo cha Monplaisir-Lumière, na nyumba iko pale pale. Ni nyumba kubwa kweli kweli. Baba yao, Antoine, mpiga picha aliyehamia Lyon mwaka 1870, ndiye aliyeijenga kuanzia 1899, na watu wa mtaa waliiita kasri. Alikuwa na haki ya kujivuna. Mwanawe Louis, akiwa kijana wa miaka 17, alibuni bamba la kupigia picha lililouzwa kwa jina la lebo ya buluu, na lebo hiyo ndiyo iliyojenga kiwanda, kasri na kila kitu. Sinema ilikuja baadaye, kwenye nyumba iliyokwisha kushiba.

Nikaingia nikitafuta ile mashine. Cinématographe namba 1 ni kisanduku cha mbao, kidogo kuliko nilivyodhani, chenye lenzi mbele na mkono wa kuzungusha. Unaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Kilipiga picha, kilitoa nakala na kilionyesha ukutani, kazi tatu ndani ya boksi moja. Edison alikuwa tayari ana mashine yake, Kinetoscope, lakini ile unachungulia peke yako kwenye tundu. Hii iliwakalisha watu pamoja gizani.

Nikawa namweleza mama tatizo lililowasumbua. Filamu haiwezi kupita mbele ya lenzi moja kwa moja, picha itakuwa ukungu. Lazima isogee, isimame, ipigwe, isogee tena, mara 16 kila sekunde, bila kuchanika. Na kwamba Auguste, yule ndugu mwingine, alisimulia jinsi Louis alivyokosa usingizi usiku mmoja, na asubuhi akawa na jibu, alilolipata kwenye cherehani.

Mama akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Bila shaka," akasema. "Kitambaa lazima kisimame sindano inapoingia."

Akaweka mkoba chini, akanyoosha kiganja chake cha kushoto kikawa kitambaa, vidole vya kulia vikawa meno ya chini ya mguu wa cherehani. Meno yanapanda, yanauma kitambaa, yanakisukuma hatua moja, yanashuka, yanarudi nyuma yakiwa chini ili yasikiburute. Wakati huo ndipo sindano inashuka. Sindano na meno havikutani kamwe. Vikikutana, sindano inavunjika. Nikamwonyesha kwamba ndani ya kisanduku ni ndoana mbili ndogo zinazoingia kwenye matundu ya pembeni ya filamu, zinaivuta chini, zinatoka, zinarudi juu, na filamu inapotulia ndipo mwanga unaruhusiwa kuingia. Nimesoma maelezo ya mtambo huo mara nyingi tangu nikiwa mwanafunzi. Siku hiyo, kwenye viganja vya mama, ndiyo siku niliyoyaelewa.

Vyumba vingine vina mambo mengi na sitayamaliza hapa. Lakini lazima niseme habari ya viazi. Mwaka 1907 walianza kuuza mabamba ya picha za rangi, autochrome, na rangi ilitokana na punje za wanga wa viazi, laini kuliko unga, zilizopakwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau na kutandazwa juu ya kioo. Picha zenyewe zina ulaini ambao sijauona kwenye kamera yoyote ya leo. Waridi linaonekana kama unalitazama kwa jicho lililotoka kulia. Mama aliniuliza mara mbili kama kweli ni viazi.

Kisha tukafika kwenye filamu yenyewe, wafanyakazi wanatoka kiwandani. Hii ndiyo iliyotangulia nyingine zote katika onyesho la kulipia la tarehe 28 Desemba 1895 huko Paris. Ina urefu wa mita 17, inakwisha kwa kama sekunde 50. Geti linafunguka, wanawake wengi wenye sketi ndefu na kofia wanamiminika, wanagawanyika kushoto na kulia, kuna mbwa, kuna baiskeli.

Niliwahi kuitazama labda mara mia. Mama alikuwa anaiona mara ya kwanza.

"Nguo hizi si za kazini," akasema.

Nikamwambia iko ya aina tatu, moja ina gari la farasi mmoja, nyingine farasi wawili, nyingine haina farasi, na nguo na vivuli havifanani, kwa hiyo hazikupigwa siku moja. Waliirudia. Akatikisa kichwa, hakuhitaji maelezo yangu. Alikuwa ameshaona kwamba wanawake wote wanapita mbele ya kamera na hakuna anayeikodolea macho. "Wameambiwa wasitazame," akasema. "Mtu akitoka kazini akakuta kitu kigeni getini, atatazama."

Akauliza walikuwa wanatengeneza nini. Mabamba ya picha, nikamwambia, vioo vinavyopakwa dawa isiyopaswa kuona mwanga. Akafikiri. "Basi walikuwa wanakaa gizani mchana kutwa." Ndipo nikauona ule mwanga wa getini, ambao siku zote niliuona kama mwanga mzuri wa kupigia picha tu. Wale walikuwa wanatoka gizani kuingia juani.

Tukaitazama tena. Mara ya tatu akanionyesha mwanamke mmoja anayevuta sketi ya mwenzake kabla hawajaachana njia. Kitendo cha nusu sekunde. "Huyu anamwambia, usinikimbie, tuna maneno," mama akasema, na akacheka kwa sauti mpaka mzee mmoja akageuka kututazama.

Kiwanda kilibomolewa. Kilichobaki ni paa la ile banda lililoonekana nyuma ya geti, mbao zake zenyewe, na chini yake sasa kuna ukumbi wa sinema wa Institut Lumière, taasisi ya sinema. Mtaa unaitwa rue du Premier-Film, mtaa wa filamu ya kwanza. Tulisimama pale walipopita, magari yakipita, mama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Aliniuliza geti lilianzia wapi na kuishia wapi, nikamwonyesha kwa kukadiria, naye akapima kwa hatua.

Karibu na hapo kuna ukuta wenye vibao vya majina, kibao kimoja kwa kila mwongozaji wa filamu aliyefika kuzuru. Mimi nilikuwa naokota majina ninayoyapenda na kuyapiga picha moja moja. Mama alianza upande wa pili, akisoma kwa zamu, bila kuruka.

"Yupi hapa ni yule aliyevuta sketi?" akauliza.

Nikamwambia hayupo, hawa ni waongozaji.

Akaitikia, akaendelea na kibao kinachofuata. Alimaliza safu yote, kidole kikipita juu ya herufi, ndipo akasema twende, kiti cha mbele kitachukuliwa.